Chakula cha Tume

Raphaël alisukuma kiti nyuma tena, akasema "pardon" kama alivyowasikia Wazungu wakisema, akatoka kwa hatua za mtu anayejikaza asikimbie. Mlango wa nyuma ukagonga. Pulchérie, mkewe, alibaki amesimama kando ya meza na bakuli la mchuzi mweupe mkononi, asijue alitue au arudi nalo jikoni. Mgeni wao Eugène aliendelea kukata nyama ya kopo vipande vidogo vidogo, kisu mkono wa kulia, uma mkono wa kushoto, viwiko vimebanwa mbavuni.

"Bwana yako iko mugonjwa?" aliuliza.

"Hapana. Ni mafua tu."

"Mafua gani inapeleka muntu choo?"

Pulchérie alicheka kidogo, kicheko cha kumfunga mtu mdomo, akatua bakuli. Sikio lake lilikuwa nje. Alijua Raphaël atakaa huko kiasi gani, na atarudi na uso wa namna gani: umekauka, umetoka jasho puani, na tabasamu limebandikwa juu yake.

Hiyo ilikuwa Fizi, juu milimani, miaka ile Wabelgiji walipoanza kugawa kadi kwa Waafrika waliowaita évolué, maana yake watu waliokwisha kuendelea. Raphaël alikuwa karani wa bureau, ofisi ya serikali. Eugène alikuwa karani pia, dawati kwa dawati naye, ila Eugène kadi alikwisha kuipata. Mwenye kadi hakuguswa na kiboko. Hakusukumwa nyuma dukani Mzungu alipoingia. Mtoto wake aliweza kufikiriwa katika shule nzuri, na Pulchérie, kila alipomwona binti yao Félicité akiandika herufi mavumbini kwa kijiti, aliitaka kadi ile kuliko hata mumewe alivyoitaka.

Lakini kadi haikuja kwa kuomba tu. Tume ilikuja nyumbani kukagua.

"Banaangalia shuka," Eugène alieleza Raphaël aliporudi mezani. "Banaangalia choo. Banauliza bibi yako anakaa wapi wakati wa kula. Halafu banaenda jikoni, banafunua sufuria. Kwa Norbert walikuta bukari na sombe, ndakala juu yake. Mukubwa wao akaziba pua. Norbert mpaka leo iko anangoja."

"Hapa hawatakuta hivyo," alisema Raphaël.

Na kweli wasingekuta. Tangu alipopeleka ombi lake, unga wa muhogo wa kusongea bukari haukuingia tena nyumba ile. Mkate mweupe ulipanda na lori kutoka duka la Mgiriki kule Baraka, kando ya ziwa, ukafika mgumu kama tofali. Zikaja nyama za kopo, soseji, siagi, maziwa mazito yenye sukari. Pulchérie alikuwa amejifunza mchuzi mweupe katika darasa la akina mama, kwa Madame, mwalimu wao wa Kizungu, na aliupika vizuri mpaka Madame akamsifu mbele ya wenzake. Sifa ile ilimkaa moyoni. Mwanzoni hakuona tabu yoyote. Aliona nyumba yake inapanda.

Kisha akaanza kuona nguo.

"Baba Félicité, unatoka damu," alimwambia asubuhi moja.

Raphaël alikuwa anafunga tai. Mikono ilisimama. "Ulinichungulia?"

"Mi nafua. Anayefua hana haja ya kuchungulia."

"Basi fua, unyamaze. Mambo ya choo hayasemwi na watu wastaarabu."

Hakunyamaza kwa sababu ya kutii. Alinyamaza kwa sababu hakujua aseme kwa nani. Akawa mtu wa kuhangaika: anaweka chungu, anatoka nje, anafagia palipofagiwa, akisikia mlango wa nyuma anasimama kusikiliza. Raphaël alikonda mpaka shingo ikaelea ndani ya kola. Magoti yalimvimba, akawa anashuka ngazi za bureau ubavu-ubavu kama kaa. Macho yakawa mekundu, na wenzake wakanong'ona kwamba karani amezoea divai.

* * *

Mama yake Raphaël, Anastasie, alipanda kutoka Baraka na lori lililokuja tupu kuchukua pamba. Alishuka akiwa na kikapu kichwani: mkungu wa ndizi, sombe, majani ya muhogo yaliyokwisha kutwangwa, na ndakala, dagaa waliokauka vizuri, wakinukia ziwa.

"Mama," alisema Raphaël akitazama barabarani kabla hajamtazama mama yake, "hapa ndani hatupiki tena hivyo."

"Hivyo ni nini? Ni chakula ao ni matusi?"

"Tunangoja tume."

"Tume inakula nyumba gani, isiyotaka mutu kula?"

Pulchérie alikichukua kikapu upesi akakipitisha nyuma. Alimpikia mama mkwe chini ya paa la majani lililokuwa mbali na jiko, akamwekea kigoda huko huko, na mwanamke yule aliyemzaa mwenye nyumba akala peke yake akitazama ukuta. Pulchérie alichutama karibu naye, asiwe mgeni wa ukuta tu. Mama mkwe alimaliza sahani, akaisukuma kando.

"Mwanangu amekwisha," alisema Anastasie. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Ninyi muliona nini, mukakaa?"

"Nilimwambia, mama. Hataki."

"Wewe humupikii chakula. Unamupikia bazungu."

Neno lile lilimchoma Pulchérie, na lilimchoma zaidi kwa kuwa halikuwa uongo. Kesho yake alikwenda mtoni na Félicité. Huku nyuma Anastasie alichimba mizizi anayoijua yeye, akaiponda pamoja na pilipili, akaichanganya na maji ya moto, akamwita mwanawe chumbani na kibuyu cha kumwingizia dawa kwa nyuma, kama alivyokuwa akiwafanyia watoto wote wa ukoo. Raphaël, aliyemfukuzia mama yake kwenye kigoda, hakukataa. Maumivu yalikuwa yamekwisha kumnyang'anya ubishi.

Pulchérie alimkuta sakafuni amejikunja kama ndoana. Midomo ilikuwa ya kijivu. Alichokiona kwenye mkeka hakuweza kukifua.

"Mama, umemutia nini?"

"Dawa! Ilimuponya akiwa mutoto!"

"Umetia pilipili ndani ya kidonda!"

"Kidonda alikileta nani?"

Walisimama wawili juu ya mgonjwa, kila mmoja na kosa lake mkononi kama fimbo, mpaka Raphaël mwenyewe akasema kwa sauti ndogo: "Nipelekeni Baraka." Lori la pamba lilikuwa linapakia. Pulchérie alikimbia bila kitambaa kichwani, mke wa karani, mbele ya watu wote wa soko, akamshika dereva mkono. Walimlaza Raphaël juu ya magunia ya pamba, na njia nzima ya kuteremka Anastasie alikuwa anamkinga jua kwa kanga yake, analia bila sauti.

* * *

Muuguzi wa dispensari alikuwa Bonaventure, mtu wa rika la Raphaël. Walikaa benchi moja shuleni kwa Mapadri. Alimtibu kwanza kwa kuhara damu, maana ndiko kulikokuwa kwingi, ingawa katika darubini hakuwaona wadudu wake. Damu ilipungua, haikukoma. Daktari Mbelgiji aliyepita kwa mashua akielekea Kazimia alimpapasa tumbo, akamtazama magoti na macho, akazungumza na Bonaventure kwa Kifaransa cha haraka, akaenda zake.

"Amesemaje?" Pulchérie aliuliza.

Bonaventure alivuta kiti akakaa. "Umewahi kuona jicho lililoingia pilipili? Linakuwa jekundu, linavimba, linatoka maji. Matumbo yake yako vile. Yanawaka. Na muwako huo haukai mahali pamoja. Unafika magotini, unafika machoni."

Anastasie alitazama miguu yake.

"Dawa yako iliongeza, mama," alisema Bonaventure polepole, "lakini haikuanza. Raphaël, unakula nini?"

Raphaël alijibu akiwa kitandani, na hata pale kitandani kulikuwa na fahari ndani ya sauti. "Mukate mweupe. Nyama ya kopo. Soseji. Siagi. Maziwa ya sukari. Chai."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Mboga je?"

Pulchérie ndiye aliyejibu: "Hapana."

"Ndugu yangu, hata Mzungu hali makopo kila siku. Nyuma ya nyumba yake iko bustani. Wewe unaona meza yake tu." Bonaventure alikuna kidevu. "Siwezi kuapa kwamba chakula ndicho kilichowasha moto. Daktari mwenyewe anasema hajui kwa nini mmoja anaungua na mwingine haungui. Mi nakula soseji Krismasi, silali hapa. Lakini nyumba ikiwaka, mutu anaacha kwanza kutia kuni."

Walihamia nyumbani kwa Anastasie, karibu na ufuko. Mwanamke yule aliona sasa ameshinda. Mara Raphaël alipoweza kukaa, alimletea mlima wa bukari na sombe iliyoelea katika mawese, pilipili juu yake. "Chakula cha baba yako," alisema. Raphaël alikula kama mtu aliyetoka gerezani. Kabla jua halijageuka alikuwa amejikunja tena, na Pulchérie akatoka nje akatembea ufukoni huku na huku, amejishika kichwa. Kumbe si makopo peke yake. Kumbe si suala la cha Wazungu na chetu.

Tangu hapo akawa kama mvuvi anayesoma maji asiyoyajua. Alimpa kitu kimoja, akangoja. Uji mwepesi wa mchele: ukakaa. Ndizi za kuchemsha, zilizopondwa mpaka zikalainika: zikakaa. Samaki mukeke wa asubuhi, aliyechemshwa kwa maji na chumvi tu, bila mafuta: akakaa, na Raphaël akaomba tena. Maharage yalimtesa, akayaacha, halafu akayarudia kidogo baada ya kuyaloweka usiku kucha na kuyapika mpaka yakavunjika. Lenga-lenga, mchicha wa huko, aliikata laini sana, akaipika muda mrefu. Anastasie alisimama nyuma yake akinung'unika kwamba huo ni ulaji wa mtu asiye na meno, lakini asubuhi alikuwa wa kwanza kufika kwa wavuvi kuchagua samaki.

Bonaventure alisema wajaribu pia maziwa ya mgando. Hapo Anastasie aligoma. Maziwa ya kuganda ni mambo ya watu wa ng'ombe, wa kule juu milimani. Watu wa ziwa hawanywi kitu kilichokwisha kuharibika. Pulchérie alikwenda sokoni peke yake.

Mukankuranga, mwanamke wa milimani, alikuwa ameketi mbali na wauza samaki, vibuyu vyake vimefunikwa kwa majani. Pulchérie hakuwa hata amefungua mdomo.

"Simama upande ule," alisema Mukankuranga kwa Kiswahili cha kukatakata. "Unanukia samaki. Maziwa yangu haipendi."

Pulchérie alihama, uso unamwaka. Yeye aliyesifiwa na Madame, leo anahamishwa kama mbuzi. "Nataka ya mugonjwa," alisema.

"Mugonjwa wa nini?"

Alitazama kushoto na kulia. Wanawake wawili waliokuwa wanapima chumvi walikuwa wanasikiliza waziwazi. "Wa tumbo," alisema. Kisha, kwa kuwa neno la kwanza lilikuwa limekwisha kutoka, la pili likalifuata lenyewe: "Ni bwana yangu. Anatoka damu. Miezi mingi. Mi nafua, namuficha, sijui nifanye nini tena." Akashangaa kwamba soko halikuanguka. Mmoja wa wale wa chumvi alisema tu, "Pole, mama," akaendelea kupima.

Mukankuranga alifungua kibuyu akamimina. "Aanze kidogo. Yakimukataa, usimulazimishe. Na usirudi hapa kunigombeza."

Hayakumkataa. Wiki zikapita, zikaongozana. Siku nzuri mbili, mbaya moja. Kisha nzuri nyingi, mbaya moja. Magoti yalinywea. Raphaël akaanza kutembea mpaka majini na kurudi, na alipopata nguvu ya kutembea akapata na nguvu ya kuhangaika. Kila lori lililoshuka kutoka Fizi alilikimbilia kuuliza habari.

"Tume haijafika?"

"Bado."

"Wasije nikiwa huku! Wataandika kwamba nyumba ni tupu!"

"Kula kwanza," Pulchérie alimwambia.

* * *

Walikuwa wamerudi Fizi na kukaa kiasi, tumbo la Raphaël limetulia, Eugène alipokuja na habari: tume inafika Jumatano. Tena yeye mwenyewe, kwa kuwa ana kadi, atakaa nayo kama shahidi.

"Mimi ni rafiki yenu," alisema akitembeza macho jikoni, juu ya ndizi, juu ya kibuyu cha maziwa kilichoninginia. "Hivi vyote viondoke."

"Vitaondoka," alisema Raphaël.

Mgeni alipokwenda, Pulchérie alisema, "Utakula nini mbele yao?"

"Kilekile cha kwanza. Soseji, mchuzi, mukate. Siku moja haiui."

"Na ikikuamsha tena?"

"Unataka Félicité asome wapi, Pulchérie? Sema! Unataka asome wapi?"

Naye alitaka asome pazuri. Kwa hiyo alipika. Jumatano ilipofika alikuwa amekata mkate, amekoroga mchuzi mweupe usiwe na donge hata moja, na soseji zimepangwa kwenye sahani kama askari. Ndizi, samaki, mboga na maziwa alivificha kwa jirani, Immaculée, mke wa fundi viatu, ili mume wake apate cha kula wageni watakapoondoka. Alivaa gauni lake jipya. Aliunyoosha mkeka, akaukunja, akaunyoosha tena.

Walikuja Mbelgiji mwenye miwani, Padri mzee mwenye ndevu, na Eugène nyuma yao amebana kofia kwapani kana kwamba nyumba ile hajawahi kuiona. Mwenye miwani alifunua shuka. Alipitisha kidole juu ya kabati. Alikwenda chooni, akakaa huko kitambo, akarudi akiandika. Alifunua sufuria, akanusa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Pulchérie aliona bega la Raphaël likishuka kidogo kwa faraja.

"Sasa kuleni," alisema mwenye miwani. "Kuleni kama kawaida yenu. Mfanye kama sisi hatupo."

Wakakaa, Raphaël, Pulchérie na Félicité, na wale watatu wakasimama ukutani kuwatazama wakitafuna. Raphaël alikata soseji vizuri. Alikula kipande, akala cha pili. Alikunywa divai. Pulchérie hakuweza kumeza. Alikuwa anautazama ule mkono wa mumewe uliotakiwa kuwa juu ya meza, nao umezama chini, umebana tumbo. Jasho lilianza puani, palepale linapoanzia siku zote.

"Anakula kama ndege," mwenye miwani alisema, akacheka. "Usione haya, karani!" Akajongea, akachukua kijiko cha bakuli, akammiminia yeye mwenyewe mchuzi mpaka soseji zikazama. "Haya."

Raphaël aliinua uma. Pulchérie baadaye hakuweza kueleza alichofikiri, maana hakufikiri, mkono ulitangulia. Aliivuta sahani kutoka mbele ya mumewe.

"Samahani, Bwana. Hiki hakili."

"Hakili? Na hiki ni chakula cha nani?"

"Ni cha tume."

Eugène alifumba macho. Pulchérie alikuwa amekwisha kusimama. Alitoka na sahani, akavuka ua hadi kwa Immaculée, akarudi amebeba sufuria ndogo na kibuyu, mbiombio, asije akaogopa njiani. Akapakua: ndizi zilizopondwa, mukeke aliyeletwa na lori la asubuhi, lenga-lenga, na bilauri ya maziwa ya mgando. Chumba kikanukia ziwa na ng'ombe kwa pamoja.

"Alikuwa anaumwa tumbo," alisema. "Alikuwa karibu kufa. Hiki ndicho anachokula, Bwana. Kile kinamuua."

Padri mzee alijongea, akanusa bilauri, uso ukamkunjuka. "Lakini hii naijua! Nyumbani kwetu, nikiwa mtoto, mama yangu alitupa—"

"Padri," alisema mwenye miwani, "tuko kazini." Padri akarudi ukutani. Mwenye miwani alimgeukia Pulchérie. "Kwa hiyo tulichoonyeshwa ni mchezo. Na shuka ni za kuazima?"

"Shuka ni zetu."

"Viti?"

"Ni vyetu."

"Na wewe, Mama, unakaa mezani na mume wako kila siku?"

Alimtazama Raphaël. Ingekuwa rahisi kusema ndiyo, neno dogo tu. Lakini ukweli ulikuwa umekwisha kufunguliwa kama gunia, na hakujua tena namna ya kulishona. "Hapana, Bwana. Nakula jikoni."

Kalamu iliandika kwa muda mrefu. Raphaël alikuwa bado amekaa mbele ya sahani ya pili, watu wote wanamtazama, na Pulchérie akangoja aisukume, au ainuke ampige kofi mbele yao. Lolote kati ya hayo angelielewa. Raphaël alichukua uma. Akala ndizi. Akachambua mfupa wa samaki, akauweka ukingoni mwa sahani, akala samaki. Hakumtazama mtu. Alikula mpaka sahani ikawa tupu, na walipoaga alikuwa anakunywa maziwa.

* * *

Raphaël hakumsemesha mkewe kwa siku nyingi. Alikula alichopikiwa, akaenda kazini, akarudi. Pulchérie angestahimili matusi. Ukimya ule ulimzungusha ndani ya nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alimpikia, akamtazama akila, akawa anahesabu makosa yake na kushindwa kujua kama lile la Jumatano ni kosa.

Jibu lilitolewa bureau, mbele ya makarani wote. Mwenye miwani hakumwita pembeni. Alisimama kati ya madawati akasema nyumba ya Raphaël bado ina sura mbili, na mke wake bado hajafundishika, labda mwakani. Makarani wengine waliinamia kazi zao. Eugène alijifanya anatafuta wino.

Raphaël alikuja nyumbani mchana ule, ingawa si kawaida yake. Pulchérie alimwona akipanda njia, na kwanza alichotazama ni magoti: yanakwenda sawa. Kisha alimtazama uso.

"Wamekataa," alisema Raphaël.

"Ni mimi."

"Ndiyo. Ni wewe."

Aliketi kizingitini, tai bado shingoni. Pulchérie alilia kwa ajili ya Félicité, alilia wima, ameegemea mlango, na Raphaël akamwacha alie. Bondeni lori la pamba lilikuwa linakwaruza gia.

"Unaumwa?" Pulchérie aliuliza katikati ya machozi.

"Hapana. Siumwi, na hiyo ndiyo inanichosha. Ningekuwa naumwa, ningekukasirikia vizuri."

Hakujua acheke au aendelee kulia. Alijipangusa kwa upindo wa kanga. Raphaël alikuwa anautazama mlima ulio mbele yao, uso umekaza, kama mtu anayepanga hesabu ngumu kichwani.

"Nitaomba tena mwakani," alisema.

"Wakija?"

"Wakija watanikuta nakula." Akalegeza tai. "Iko nini jikoni?"

Ilikuwepo ndizi na mboga, na samaki kidogo wa jana. Alimpa palepale kizingitini, akala upesi, kwa mkono, maana kengele ya bureau ilikuwa karibu kulia. Ilipolia alikuwa bado anatafuna. Alinawa, akasimama, akakaza tai akiwa njiani, na Pulchérie akabaki mlangoni na sahani, akimtazama akiteremka kwa haraka kurudi kati ya watu walioyasikia yote, asijue kama anaona mtu aliyeshindwa au mtu aliyepona.